Kupata Chumba Dar es Salaam Kabla ya Kuanza Shule ya Sheria: Mwongozo kwa Anayetoka Mkoani

Barua ya kukubaliwa na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita Shule ya Sheria tu, inapomfikia mhitimu aliyeko Mwanza, Songea au Kigoma, jambo la kwanza analolishughulikia huwa ni ada, la pili suti nyeusi, na mahali pa kulala huachwa hadi wiki ya mwisho. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu huyo: hana nyumba Dar es Salaam, mji anaujua kwa kupita tu, na fedha aliyonayo ni ya kuhesabu.

Niseme mapema kwa nini nitasisitiza mambo ambayo mwanasheria hapaswi kukumbushwa. Mwaka nilioanza masomo hayo nilikuwa na shahada ya sheria yenye alama nzuri, na nililipa kodi ya miezi sita kwa mtu ambaye hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mpangaji aliyebakiza miezi miwili kwenye mkataba wake. Alinipangisha chumba chake, akapokea fedha, akahamia asikojulikana. Mwezi wa tatu mwenye nyumba alibisha hodi. Alikuwa mzee mpole, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kwamba hapa mjini ninasomea nini. Sikuwa na la kumjibu.

Hatua ya kwanza: soma kalenda kabla ya ramani

Taasisi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na mafunzo yake yana sehemu mbili. Ipo sehemu ya darasani, na ipo sehemu ya mafunzo kazini, ambapo mwanafunzi hupelekwa mahakamani na katika ofisi za wanasheria. Kwa mtu anayetafuta chumba, mgawanyo huu una uzito kuliko hata bei ya chumba chenyewe, kwa kuwa sehemu ya pili inaweza kukuweka Kisutu, Temeke au Kinondoni, na huenda ikakurudisha mkoani kwenu. Anayesaini mkataba wa miezi kumi na miwili siku ya kwanza anaweza kujikuta akilipia chumba cha Sinza huku kila asubuhi akiamkia Mahakama ya Wilaya ya Nyamagana.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi tarehe nne: ya usajili, ya kuanza masomo, ya kumaliza darasani na ya mitihani. Iulize taasisi yenyewe; usizichukue kwa rafiki aliyesoma miaka mitatu iliyopita, kwa sababu taasisi hupokea zaidi ya kundi moja kwa mwaka na kila kundi lina ratiba yake. Kwa wengi, mkataba wa miezi sita wenye kipengele cha kuongeza muda ndio unaofaa.

Ongeza pia jambo ambalo hakuna apendaye kulipangia bajeti, nalo ni kurudia mitihani. Mwaka 2022 matokeo ya kundi moja yalizua mjadala mkubwa hata serikali ikaunda kamati ya kuyachunguza: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote kwa mara ya kwanza walikuwa 26, na wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo. Sisemi hayo kukutisha. Nasema tenga kiasi cha kukuwezesha kuishi Dar es Salaam kwa wiki kadhaa baada ya mkataba wako kwisha, hata kama hutakihitaji.

Kuna kalenda nyingine, ya mji wenyewe. Vyuo vikuu vinapofunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi hujaa Survey, Changanyikeni, Makongo na Sinza, na chumba ambacho Agosti kilikuwa kikibembeleza mpangaji huanza kubembelezwa chenyewe. Ikiwa kundi lako linaanza karibu na msimu huo, maliza shughuli ya kutafuta mapema.

Hatua ya pili: ulizia hosteli ya taasisi

Kabla ya kumpigia dalali yeyote, wasiliana na ofisi inayoshughulikia wanafunzi na uulize mambo matatu: kama kuna nafasi za hosteli kwa kundi lako, malipo yake ni ya kipindi gani, na kama mwanafunzi anaruhusiwa kubaki wakati wa mafunzo kazini. Ukipewa nafasi, nakushauri uichukue hata kama unapenda uhuru wa chumba chako, kwa sababu itakupa miezi michache ya kuujua mji bila kulazimishwa na mtu. Ukikosa, endelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya tatu: amua kwa uwazi kuhusu nyumba ya ndugu

Wengi wetu hatuanzi na dalali, tunaanza na shangazi. Ni jambo jema, na katika familia nyingi kupanga chumba huku ndugu yako wa damu yupo mjini huonekana kama dharau. Lakini fikiri. Shangazi akiwa anakaa Chanika au Chamazi, utatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili uwe darasani kwa wakati, na utarudi saa mbili au saa tatu usiku ukiwa umesimama kwenye daladala njia nzima. Ukifika, nyumba ya watu ina shughuli zake: kuna televisheni sebuleni, kuna watoto wanaotaka kusaidiwa hesabu na mjomba msomi, Jumamosi kuna msiba, Jumapili kuna kikao cha harusi. Hakuna aliyekosea hapo, ila mashauri uliyopewa kusoma hayasomeki.

Ninavyoona mimi, nyumba ya ndugu ifae kwa wiki mbili au tatu za kutafutia chumba, na muda huo utajwe siku ya kwanza. Unaweza kusema hivi: "Shangazi, shikamoo. Nimepata nafasi ya masomo hapo Dar. Naomba unihifadhi hadi tarehe kumi na tano, wakati natafuta chumba karibu na shule, maana tunatoka usiku." Sababu ya usiku inaeleweka na kila mzazi na haimvunjii mtu heshima. Usiende mikono mitupu. Mchele wa Kyela au dagaa wa Mwanza watafungua mlango vizuri, na ukiwa pale, siku moja moja nunua umeme bila kuombwa.

Ikiwa ndugu anaishi Sinza, Mwenge au Ubungo na ana chumba kisicho na mtu, hayo mengine yote niliyosema yasahau.

Hatua ya nne: chagua eneo kwa njia ya kufika

Shule iko kando ya Barabara ya Sam Nujoma, ile inayounganisha Mwenge na Ubungo, na jirani yake ni stendi ya daladala ya Mawasiliano, ambayo watu huiita Simu 2000. Hiyo ni bahati kubwa, kwa kuwa magari ya pande nyingi za jiji huishia hapo. Swali la kujiuliza, basi, si kama mtaa fulani uko mbali, bali kama kuna gari moja kutoka mtaa huo hadi Mawasiliano. Gari moja la dakika hamsini huchosha kidogo kuliko magari mawili ya dakika ishirini na tano, kwa sababu kinachommaliza mtu Dar es Salaam si mwendo, ni kugombania.

Sinza ndiyo ya kwanza kwa kila mtu, na si bure, kwa sababu sehemu kubwa yake unaweza kwenda shule kwa miguu. Mitaa yake imenyooka kwa kuwa eneo hilo, pamoja na Kijitonyama, lilipimwa viwanja miaka ya 1970 katika mradi wa serikali wa kugawa viwanja vyenye huduma za msingi. Wenye viwanja walijenga nyumba mbele na, miaka ilivyokwenda, wakaongeza vyumba vya kupangisha uani, na hivyo ndivyo utakavyoonyeshwa. Ubaya wa Sinza ni sauti. Eneo la Sinza kwa Remmy, lenye jina la mwanamuziki Remmy Ongala, haliwezi kutegemewa kulala mapema, na baa za Sinza Mori au Afrika Sana hazijali kwamba kesho una mtihani. Chagua mtaa wa ndani, si wa barabarani.

Kijitonyama na Mwenge ni tulivu zaidi na kwa kawaida bei inapanda. Ubungo, Makuburi na Mabibo bei hupungua, na kufika ni rahisi. Manzese na Tandale ni karibu na nafuu, lakini nyumba zimebanana na sehemu zilizo karibu na Mto Ng'ombe zina historia ya mafuriko. Kimara hadi Mbezi utapata chumba kikubwa kwa fedha ndogo, na basi la mwendokasi hukufikisha Ubungo, ambako bado utahitaji kipande kingine cha safari. Kama umechagua huko, usikipime kipande hicho siku ya Jumapili. Nenda Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukiwa na mkoba utakaobeba siku za masomo.

Hatua ya tano: piga hesabu ya fedha ya kuingilia

Kodi inayotajwa kwa mwezi haikuonyeshi utakachotoa siku ya kwanza. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba za kupanga ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kutanguliza miezi sita, au hata mwaka mzima, ni suala la makubaliano ambamo mwenye nyumba ndiye mwenye nguvu. Tuseme chumba ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 900,000. Dalali kwa desturi huchukua kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo umefika 1,050,000 kabla hujanunua godoro, ndoo, madumu, pazia, feni, kufuli na jiko dogo la gesi.

Kabla hujakimbilia chumba cha mbali cha shilingi 80,000, fanya hesabu nyingine. Tofauti ya kodi ni 70,000 kwa mwezi. Tuseme kutoka huko unapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, na kila gari ni shilingi 700. Hizo ni 2,800 kwa siku, na kwa siku 22 za masomo ni 61,600. Umeokoa shilingi 8,400 kwa mwezi, na umelipa kwa saa tatu za kila siku. Hata hivyo hesabu hii haiko sawa kwa kila mtu: mwenye fedha ya kuingilia ya miezi sita ya chumba cha 80,000 tu hana la kuchagua, na hapo ndipo suala la kuchangia chumba linapoingia. Wawili kwenye chumba kikubwa cha Sinza wanaishi vizuri kuliko mmoja mmoja Mbezi, mradi majina yote mawili yaandikwe kwenye mkataba. Jina likiwa la mmoja, wa pili ni mgeni wake tu, na siku wakikosana ataondoka na mto wake mkononi.

Ukitegemea mkopo au mfadhili, usimwahidi mwenye nyumba tarehe ya malipo kwa fedha ambayo haijaingia kwenye akaunti yako.

Hatua ya sita: njoo uone, na umwongoze dalali

Treni ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 imemwezesha mtu wa Dodoma au Morogoro kuja Ijumaa, kuona vyumba Jumamosi na kurudi Jumapili. Anayetoka mbali atashukia stendi ya Magufuli, Mbezi, na ajipe siku tatu. Ukishindwa kabisa kuja, mtume mtu unayemwamini, akupigie simu ya video akiwa ndani ya chumba na afungue bomba ukiona. Picha zilizotumwa na dalali usizihesabu kuwa ni kuona.

Dalali si adui. Ni mtu anayelipwa chumba kikipangishwa, si wewe ukiridhika, na ukilielewa hilo mtafanya kazi vizuri. Chumba kimoja huwa mikononi mwa madalali watano, kwa hiyo tafuta wawili au watatu wanaokaa mtaa huo huo unaoutaka, uwape maelekezo yasiyotafsirika vingine: "Natafuta chumba kimoja chenye choo ndani, Sinza au Kijitonyama, kodi isiyozidi laki na nusu, LUKU ya peke yangu, maji ndani ya geti, kuingia tarehe mosi. Nitakuwepo Jumamosi saa mbili asubuhi." Ukisema "chumba kizuri cha bei nafuu", utazungushwa kutwa nzima na kuonyeshwa visivyo vizuri wala nafuu.

Wengi hudai hela ya usumbufu kabla ya kukuzungusha. Kubalianeni kiasi mapema, kiwe cha siku nzima na si cha kila mlango. Fedha ya "kushikilia chumba" usitume kamwe, hata ukiambiwa kuna mtu mwingine yuko njiani na fedha mkononi. Huyo mtu mwingine yuko njiani kila siku tangu mji huu ulipoanza kuwa na wapangaji.

Hatua ya saba: kikague chumba kama unavyokagua eneo la tukio

Nenda mara mbili: mchana ukiwa na dalali, na jioni peke yako. Mchana utaona kuta, jioni utaona maisha.

Anza na maji, kwa kuwa kwenye mji huu ndiyo yanayowahamisha watu. Fungua bomba. Likitoa, uliza ni maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, au ya kisima, kisha uonje kidogo kwa ncha ya ulimi, kwani visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi na utakuwa ukinunua ya kunywa na ya kupikia. Lisipotoa, usikubali jibu la "leo wamekata". Tazama uani: madumu ya njano yaliyopangwa mstari mbele ya kila mlango yanakwambia habari ambayo hakuna atakayeitamka. Uliza tangi la nyumba ni la lita ngapi, linahudumia vyumba vingapi, na boza la maji likiletwa nani analipa.

Kwenye umeme, mita ya peke yako ni bora kuliko ya kuchangia, kwa sababu kwenye ya kuchangia utalipia friji la jirani na pasi ya fundi cherehani. Hata ya peke yako ina siri zake. Omba namba ya mita, nunua umeme wa shilingi 5,000 kwa simu yako papo hapo na usome ujumbe unaorudi. Ujumbe unaonyesha makato moja baada ya jingine; kama mpangaji aliyepita aliacha deni, litaonekana likikatwa, na ni afadhali uligundue kwa shilingi 5,000 kabla ya kusaini. Mle ndani utaona pia kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia LUKU. Mzigo wa kodi hiyo ni wa mwenye jengo, kwa hiyo ni halali kuomba ipunguzwe kwenye pango. Wengi watakucheka. Mmoja alikubali nilipomwonyesha, akanipunguzia mwezi uliofuata.

Kwa mafuriko, usimuulize dalali wala mwenye nyumba. Muulize muuza genge aliye nje. Chungulia ukutani, karibu na sakafu, kama kuna alama ya maji iliyofichwa kwa rangi mpya inayoishia usawa wa goti. Chumba kinachotafutwa Agosti kinaweza kuwa kikavu na cha kupendeza, na masika ya Machi hadi Mei yakakionyesha sura yake ya pili.

Mengine ni ya haraka: madirisha yawe na nondo, mlango uwe na kitasa kinachofunga, simu yako ishike mtandao ukiwa umekaa mahali utakapoweka meza. Uliza geti linafungwa saa ngapi na ufunguo hukaa kwa nani. Nyumba inayofunga saa nne usiku, na mwenye ufunguo akawa bibi anayelala saa tatu, haimfai mwanafunzi ambaye kundi lake la majadiliano huanza saa mbili. Kwa dada zetu, pita kwa miguu saa mbili usiku kutoka kituo cha daladala hadi getini kabla ya kuamua, uone kama kuna taa na watu.

Hatua ya nane: mjue anayekupangisha

Hapa ndipo mimi nilipoanguka, na kanuni ya kunilinda nilikuwa nimeifanyia mtihani: hakuna awezaye kumpa mwingine asichokuwa nacho. Muulize anayedai kuwa mwenye nyumba akuonyeshe kitambulisho chake cha NIDA na karatasi yoyote inayomhusisha na nyumba: hati, ofa, leseni ya makazi, bili ya maji yenye jina lake. Akiwa msimamizi wa mirathi, msimamizi wa nyumba au mtoto wa mwenye nyumba, omba kuona barua ya kumpa mamlaka hayo, au zungumza kwa simu na mwenye mali. Katika nyumba za urithi kuwa mwangalifu zaidi. Utakuta kaka anapokea kodi na dada hana habari, na ugomvi wao utakuja kumalizikia mlangoni kwako.

Halafu nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti au mtendaji, na kabla yao mjumbe, huwajua wenye nyumba kwa majina na kwa kesi zao. Ungeniuliza ni dakika zipi muhimu kuliko zote katika shughuli hii, ningesema ni zile kumi utakazokaa kwenye benchi la ofisi hiyo.

Unapolipa, lipa kwa benki au kwa simu, usilipe taslimu. Simu itakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri. Jina hilo likitofautiana na la kwenye mkataba, rudisha simu mfukoni na uulize.

Hatua ya tisa: andika mkataba, na usione aibu

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua hata upangaji wa muda mfupi uliofanywa kwa mdomo, kwa hiyo mwenye nyumba anayesema "sisi hapa tunaaminiana" hajavunja sheria. Hata hivyo, maneno ya mdomo huthibitishwa kwa mashahidi, na mashahidi wote watakuwa ndugu zake. Andika kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi. Fomu za dukani hukubalika, ila zina kasoro moja: zinaeleza kwa kirefu wajibu wa mpangaji na karibu hazisemi lolote kuhusu mwenye nyumba.

Hakikisha mkataba unataja pande zote kwa majina kamili, chumba chenyewe na kilipo, kodi na kipindi kilicholipiwa, nani analipia maji, taka na ulinzi, nani hutengeneza paa likivuja, notisi ya kila upande ni ya muda gani, na kodi iliyobaki inarudishwa vipi ukipangiwa mafunzo kazini mkoani. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kitakachobishaniwa. Ukikataliwa kurudishiwa fedha, omba ruhusa ya maandishi ya kumwingiza mwanafunzi mwenzako amalizie muda wako. Wengi huikubali kwa kuwa hawapotezi kitu. Weka pia kwamba kodi haitapanda ndani ya kipindi ulicholipia.

Mashahidi wawe wawili, mmoja wa kila upande. Na kwa kuwa mnakwenda kuwa mawakili, kumbukeni ushuru wa stempu: mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi kama kielelezo mahakamani hadi ulipiwe. Wapangaji wengi hawaujali kwa sababu hawatarajii kufika mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ndilo husikiliza migogoro ya aina hii. Nami sikutarajia.

Hatua ya kumi: siku ya kuhamia na mwezi wa kabla ya mwisho

Hamia mchana, siku tatu au nne kabla ya masomo kuanza. Kabla ya kuingiza godoro, piga picha za kuta, dari, vioo, choo na mita, kisha umtumie mwenye nyumba picha hizo kwa simu na maneno mafupi: "Mzee, shikamoo, nimekabidhiwa chumba leo kikiwa katika hali hii." Badilisha kitasa siku hiyo hiyo kwa ruhusa yake, kwa sababu hujui funguo ngapi ziko mikononi mwa waliokutangulia. Pita vyumba vya jirani ujitambulishe, halafu uende kwa mjumbe uandikishwe. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa utaihitaji kwa mambo mengi, na ni vigumu kuipata kwa mtu asiyekujua.

Miezi miwili kabla ya mkataba kwisha, fungua tena ile karatasi ya tarehe nne. Kama utabaki, mwandikie mwenye nyumba kwamba unaongeza muda na umwombe sasa ulipe kwa miezi mitatu mitatu. Amekwisha kukujua, na mpangaji anayemjua ana thamani kwake kuliko dalali na mgeni wake. Kama unaondoka, mpe notisi kwa maandishi, maliza umeme uliobaki kwenye mita, na urudishe ufunguo mkononi mwake mwenyewe mbele ya jirani.